Nyota tano, kichwa kwenye usukani: uchambuzi wa kisa cha Tesla Model S

Mwanzoni mwa Februari 2017, IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani, ilitangaza matokeo ya kugongesha Tesla Model S, gari linalotumia umeme. Gari lilipelekwa kwa kilomita 64 kwa saa hadi kwenye kizuizi kigumu kisichojikunja, likagongwa robo tu ya upana wake wa mbele, upande wa dereva. Chumba cha abiria kilishika vizuri. Sehemu iliyosukumwa ndani kuliko zote haikufika inchi mbili, yaani kama sentimita tano. Mtu akiangalia bodi peke yake angesema gari limefaulu. Lakini kichwa cha sanamu ya majaribio iliyoketi kiti cha dereva kiliupita mfuko wa hewa na kuugonga usukani kwa nguvu. Vipimo vilivyochukuliwa kwenye sanamu vilionyesha kwamba binadamu angeweza kuumia kichwa.

Daraja lililotolewa lilikuwa "Inakubalika", la pili kati ya madaraja manne ya taasisi hiyo: Nzuri, Inakubalika, Pungufu na Mbaya. Kwa gari la kawaida hakuna ambaye angeshtuka. Kwa gari ambalo mtengenezaji wake alikuwa ametangaza miaka mitatu na nusu nyuma kwamba limevuka kipimo chenyewe cha serikali, ilikuwa habari.

Turudi kwenye tangazo hilo. Agosti 2013, NHTSA, mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari, iliipa Model S nyota tano katika kila kipengele: kugongwa mbele, kugongwa ubavuni na kupinduka. Tesla haikuridhika na tano. Ilichukua takwimu za ndani za majaribio hayo, ikapiga hesabu na kuwaambia waandishi wa habari kwamba gari lake limepata nyota 5.4. Ikaongeza kwamba mashine ya kukandamiza paa iliharibika kabla paa halijakubali kulala. NHTSA ilijibu kwa ufupi kwamba haina alama inayozidi nyota tano, na kwamba haiyapangi magari kwa nafasi ndani ya nyota hizo.

Mimi sisemi Tesla ilidanganya. Model S ni gari la saluni lililojengwa vizuri, na sababu zinaonekana ukifungua boneti. Hakuna injini ya mafuta. Pale ambapo Mercedes au BMW ina kilo mia kadhaa za chuma kisichojikunja, Model S ina buti la pili la kuwekea begi, na nafasi hiyo tupu ndiyo mali. Gari linapogonga ukuta, kinachomwokoa aliyemo ni umbali wa kusimama. Mwili wa kilo 75 unaokwenda kilomita 64 kwa saa, ukisimamishwa ndani ya nusu mita, unabeba kwa wastani nguvu inayolingana na uzito wa tani 2.4. Umbali huo ukiongezeka mara mbili, nguvu inapungua kwa nusu. Kwa hiyo boneti refu lililo tupu, lenye alumini iliyopangwa ijikunje hatua kwa hatua, ni neema. Na betri, ambayo ndiyo sehemu nzito kuliko zote, imelazwa sakafuni, hivyo uzito uko chini na gari ni gumu kupinduka. Nyota za kupinduka zilipatikana kihalali.

Ila jaribio la mbele la NHTSA ni la namna moja: gari zima, kutoka taa hadi taa, linaugonga ukuta bapa kwa kilomita 56 kwa saa. Kila chuma kilichoko mbele kinashiriki kazi. Ni mtihani unaopima kwa haki kabisa kile ambacho Model S inakijua vizuri kuliko magari mengi. Barabarani mambo hayaendi hivyo kila mara. Dereva akiona gari linamjia upande wake, mikono inavuta usukani kabla akili haijafikiri. Matokeo yake ni magari mawili kugusana kwa kona, au gari kuacha barabara na kugonga mti au nguzo ya umeme kwa pembe.

Hapo ndipo linapotokea swali la robo ya upana.

Kona inayokwepa chuma

Chini ya boneti la gari lolote la kisasa zipo nguzo mbili za chuma au alumini zinazolala kuelekea mbele, moja kila upande. Hizo ndizo zinazokula nguvu ya kugonga. Zimekaa kwa ndani kidogo, kwa sababu nje yake kuna magurudumu yanayohitaji nafasi ya kukata kona. Kitu kikigonga sehemu ya nje kabisa, kinazipita nguzo hizo pembeni. Nguvu inaenda kwenye tairi na rimu, kutoka hapo kwenye saspensheni, kisha kwenye bati linaloitenganisha boneti na miguu ya dereva na kwenye nguzo inayoshika kioo cha mbele na mlango.

IIHS ilianza kutumia jaribio hili mwaka 2012, baada ya utafiti wake kuonyesha kwamba hata katika magari yaliyokuwa na daraja zuri, karibu robo ya ajali za mbele zilizoua au kujeruhi vibaya watu wa viti vya mbele zilikuwa za kona. Kundi la kwanza lililopimwa Agosti mwaka huo lilikuwa la saluni 11 za kifahari za ukubwa wa kati, na matokeo yalikuwa aibu. Ni mbili tu, Acura TL na Volvo S60, zilizopata Nzuri. Mercedes C-Class, Audi A4 na Lexus mbili, IS na ES, zilipata Mbaya. Volkswagen CC iling'oka mlango wa dereva kwenye bawaba. Haya ni magari ambayo mnunuzi anayalipia kwa imani kwamba pesa yake imenunua pia uhai.

Volvo haikuwa na bahati tu. Ilikuwa ikifanya jaribio la namna hiyo kwenye viwanja vyake tangu mwisho wa miaka ya 1980, bila kulazimishwa na yeyote. Model S, kwa upande wake, ilianza kukabidhiwa wateja Juni 2012, wiki chache kabla ya matokeo hayo ya kwanza kutoka. Ilikuwa imeshachorwa na kujengwa wakati mtihani wenyewe bado haujatangazwa. Hilo linaelezea mengi, ingawa halielezi miaka minne na nusu iliyofuata.

Kazi ya mkanda

Sasa tuje kwenye kiini cha kisa. Chumba kilishika na mfuko wa hewa ulifunguka. Kichwa kilifikaje kwenye usukani? Maelezo ya IIHS yalikuwa wazi: mkanda uliuachia mwili wa sanamu uende mbele kupita kiasi.

Watu wengi wanauchukulia mkanda kama kamba tu inayokufunga kitini. Katika gari la kisasa ni mtambo wenye kazi mbili zinazopingana. Mara tu vihisi vinapogundua gari limegonga, baruti ndogo inalipuka ndani ya kifaa kinachouvuta mkanda na kuondoa ulegevu wote, ili mwili uanze kupunguza kasi pamoja na gari badala ya kusubiri. Hiyo ni kazi ya kwanza. Kisha nguvu ya mwili inapozidi kiasi fulani, kifaa kingine kinauachia mkanda utoke kidogo kidogo, kwa sababu usipoachia utavunja mbavu na kubana moyo. Mwili unasogea mbele kwa mpangilio na kukutana na mfuko wa hewa uliojaa tayari, ambao unamalizia kazi kwa kichwa na kifua.

Yote hayo hutokea ndani ya takribani sehemu ya kumi ya sekunde, na kila kitu kinategemea kiasi. Ukiachia kidogo mno, kifua kinaumia. Ukiachia kingi mno, mwili unafika kwenye mfuko wa hewa ukiwa bado na kasi kubwa, mfuko unakandamizwa mpaka mwisho, na nyuma yake kuna usukani. Ndicho kilichotokea kwenye Model S.

Jaribio la kona linaongeza ugumu mwingine. Kwa kuwa kizuizi kimeshika upande mmoja tu, gari linajizungusha. Mwili wa dereva hauendi mbele moja kwa moja, unakwenda mbele na pembeni, kuelekea nguzo ya kioo. Mkanda uliorekebishwa kwa ajili ya ukuta bapa unakutana na mwili unaokuja kwa mshazari. Kwa maoni yangu hapa ndipo nyota tano za 2013 zilipokuwa na kivuli: hazikuwa za uongo, ila zilikuwa jibu la swali jingine.

Mkanda wa gari hili ulikuwa umeshaleta kichwa cha habari kabla. Novemba 2015, huko Ulaya, abiria wa kiti cha mbele aligeuka kuzungumza na waliokaa nyuma na mkanda wake ukaachia. Bolti iliyopaswa kuunganisha vibao viwili vya kushikia haikufungwa sawasawa kiwandani. Hapakuwa na ajali wala majeruhi, lakini Tesla iliyaita kwa ukaguzi magari yote ya Model S yaliyokuwa barabarani, takribani 90,000. Hiyo ilikuwa hitilafu ya ufungaji, si ya muundo, na kampuni ilichukua hatua haraka. Naitaja hapa kwa sababu moja: gari linaweza kuwa na alumini ya kuunganishwa kwa roboti na kompyuta ya inchi 17 kwenye dashibodi, kisha uhai wa mtu ukaning'inia kwenye bolti moja.

Jaribio la pili

Tesla haikukataa kasoro ya mkanda. Ilieleza kwamba Januari 2017 ilikuwa imeshabadilisha kitu kwenye uzalishaji ili kulishughulikia tatizo. IIHS ikachukua gari lililotengenezwa baada ya mabadiliko hayo na kulipeleka tena Ruckersville, Virginia, kwenye kituo chake cha majaribio. Matokeo yalitoka Julai.

Kichwa kiligonga usukani tena. Daraja likabaki lile lile, Inakubalika.

Na kulikuwa na jambo jipya, ambalo binafsi naliona zito kuliko hilo la kichwa. Safari hii bodi iliingia ndani zaidi. Sehemu ya chini, pale miguuni, ilisukumwa mpaka inchi 11, karibu sentimita 28. Dashibodi ilisogea inchi tano. Gari la aina ile ile, kasi ile ile, kizuizi kile kile, lakini badala ya sentimita tano zikawa ishirini na nane. Sababu iliyotolewa ni kwamba gurudumu la mbele la kushoto halikufanya kama lilivyofanya mara ya kwanza.

Katika ajali ya kona, gurudumu ni ama ngao ama nyundo. Likichomoka mapema, au likigeuka na kuteleza pembeni, linaiondoa nguvu kwenye chumba cha abiria. Likibaki limeshikiliwa na saspensheni na kusukumwa nyuma likiwa zima, linaingia moja kwa moja kwenye nafasi ya miguu ya dereva. Watengenezaji wanaofanya vizuri kwenye jaribio hili huamua mapema gurudumu liende wapi, kisha wanajenga viungo vya saspensheni vivunjike au vishike kwa utaratibu huo. Gari ambalo gurudumu lake linafanya hivi leo na vile kesho limeacha jambo hilo kwa bahati. Kama IIHS ingepima mara moja tu, tungebaki na picha ya bodi iliyoshika imara, na hakuna ambaye angejua.

Saluni sita kubwa zilipimwa katika awamu hiyo ya Julai. Lincoln Continental, Mercedes-Benz E-Class na Toyota Avalon zilipata tuzo ya juu ya taasisi. Model S, Chevrolet Impala na Ford Taurus hazikuipata. Avalon, tukumbuke, ni Toyota ya mtu mzima asiye na haraka, na bei yake ilikuwa chini ya nusu ya Model S nyingi.

Jibu la Tesla lilikuwa kali. Ilisema IIHS na makundi mengine binafsi yana mbinu na malengo yanayofaa makusudi yao wenyewe, na kwamba kipimo cha haki zaidi ni cha serikali, ambacho kiliiweka Model S kwenye uwezekano mdogo sana wa kuumia. Ni kweli IIHS inalishwa na kampuni za bima, na kampuni za bima zina maslahi. Lakini maslahi yao ni kulipa majeruhi wachache, na sioni yanavyogongana na ya dereva. Wala hoja hiyo haijibu swali la mkanda. Mwanafunzi aliyefeli hesabu hasaidiki kwa kuonyesha cheti cha jiografia.

Uzito wa kasi

Toleo la Model S liitwalo P100D ndilo lililokuwa likitikisa vichwa wakati huo. Tesla ilitangaza kwamba linatoka sifuri hadi maili 60 kwa saa, kama kilomita 96, kwa sekunde 2.5. Saluni ya watu watano inayoziacha nyuma gari nyingi za mashindano. Kasi hiyo na umbali wa safari vilitokana na betri kubwa, na betri kubwa ni nzito. P100D ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 2.2.

Kipimo cha paa cha IIHS kilitaka paa lihimili angalau mara nne ya uzito wa gari ndipo lipate Nzuri. Matoleo mepesi ya Model S yalivuka. P100D ikapata Inakubalika, kwa sababu gari liliongezwa kilo na paa halikuongezwa chochote. Wakati huohuo mnunuzi wa P100D ndiye aliyelipa kuliko wote. Ukiniuliza ni ukweli gani wa kisa hiki unaofaa kubandikwa kwenye maduka ya magari, ningechagua huu: toleo la bei ya juu na la kasi kuliko yote ndilo lililokuwa na paa dhaifu zaidi kwa kulinganisha na uzito wake.

Kisha kasi yenyewe. Nishati ya kugonga hupanda kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 56 za serikali hadi 64 za IIHS ni nyongeza ya asilimia 30 hivi. Kutoka 64 hadi 100 ni karibu mara mbili na nusu, na P100D inafika 100 kabla hujamaliza kusema jina lake kamili. Hakuna daraja lolote, la nyota wala la maneno, linalozungumzia kasi hizo.

Mengine yaliyoikosesha Model S tuzo yalikuwa madogo lakini ya kuudhi. Taa za mbele zilipata Mbaya, kwenye gari la bei hiyo. Mfumo wa kufunga breki wenyewe kuepusha ajali haukuwa na daraja mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa programu ilikuwa haijawekwa kwenye magari yote mapya.

Na kuna ajali ambazo hata kona haihusiki. Mei 2016, karibu na Williston, Florida, Model S iliyokuwa ikiendeshwa kwa msaada wa Autopilot, mfumo wa Tesla wa kumsaidia dereva kuendesha, kwa maili 74 kwa saa iliingia chini ya tela la lori lililokuwa likikatiza barabara. Boneti refu halikugusa kitu cha maana. Tela lilipita juu yake na kukutana na kioo na paa, na dereva akafariki. Mfumo wa gari haukufunga breki. Kwa mtazamo wa muundo, ni jambo lile lile la kona lililogeuzwa wima: kitu kimekwepa chuma kilichowekwa kukisubiri.

Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kuna kipengele kimoja ambacho wachambuzi wa Marekani hawana sababu ya kukitaja. Daraja la kona tulilolizungumzia linatolewa kwa kugonga upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko anakokaa dereva wao. Mwaka 2016 IIHS iliyajaribu magari saba madogo ya aina ya SUV, yote yakiwa na Nzuri upande wa dereva, ikayagonga upande wa pili. Ni Hyundai Tucson tu iliyobaki na Nzuri. Toyota RAV4 ya 2015 ilipata Mbaya. Ilibainika kwamba baadhi ya watengenezaji walikuwa wameimarisha kona moja tu, ile iliyokuwa ikipimwa. Baada ya hapo taasisi ikaanza kutoa daraja la upande wa abiria pia.

Kwa hiyo anayeagiza E-Class, Lexus au hata Model S ya usukani wa kulia akiwa na daraja la Marekani mkononi, ameshika taarifa ya kona ambayo yeye hakai nyuma yake. Cha kutafuta ni daraja la upande wa abiria wa gari la huko, kama lipo kwa mwaka ule wa modeli. Kisha, kwa gari lililotumika, jambo la kwanza kukagua kabla ya rangi na viti vya ngozi ni mikanda ya mbele. Ile baruti hulipuka mara moja tu. Mkanda uliowahi kufanya kazi yake mara nyingi hukwama, hautoki wala kurudi vizuri, na taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi huwaka isizime. Ikiwa taa hiyo haiwaki kabisa hata unapofungua swichi, huenda kuna fundi aliyeifunga.